Filimbi ya Kona ya Mtoni

Mdomo wangu ndio ulionipeleka kwenye ile kona. Nilikuwa nimeitwa kwenye kikao cha ofisi ya kata, hapa Nyarero, kama nesi wa zahanati, nijibu swali moja tu: siku ya mashindano ya pikipiki, dawa na bandeji zitatosha? Zilikuwa zinatosha. Ningesema "zitatosha," nimalize soda yangu, niondoke zangu. Lakini mwenyekiti wa bodaboda, kijana mwenye maneno matamu, akasimama akatangaza kwamba mbio za mwaka huu zitanoga kuliko za mwaka jana, na za mwaka jana, tumshukuru Mungu, zilikwenda bila tatizo lolote.

Bila tatizo lolote! Damu ikanipanda. Mimi hasira zangu ziko karibu, hata nyumbani Singida wanajua.

"Bila tatizo kwa nani?" nikauliza, nimeshasimama. "Mguu nilioufunga mimi mwaka jana ulikuwa umevunjika mara mbili. Ulikuwa mguu wa kuku?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuwa nachekesha. Ule ulikuwa mguu wa jirani yangu, mama mtu mzima aliyenizidi umri, anayeuza ndizi mbivu na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kibanda chake pale kona ya mtoni. Alikuwa anavuka barabara na beseni kichwani, pikipiki ikatoka kwenye kona ikamzoa. Nilimkuta chini, mfupa umetokeza, viazi vimetapakaa mpaka mtaroni. Nikamfunga kwa mbao mbili na kanga yangu mwenyewe, tukampakia kwenye gari la mchanga kwenda hospitali. Alikaa huko miezi. Wakamtia vyuma, wakamtoa vyuma, akarudi na gongo moja la kutembelea ambalo hataachana nalo tena. Na hakumlaani mtu hata siku moja. Kila nikimpima presha ananiambia, "Ajali, nesi. Ajali haina kinga." Hilo ndilo lilikuwa linaniuma zaidi.

Basi pale kikaoni sikujua kunyamaza. Nikasema safari hii mtu akiguswa kwenye ile kona wasimlete zahanati, watamshona wenyewe kwa sindano ya magunia. Mtendaji wa kata akaniangalia kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani.

"Vizuri sana, nesi," akasema. "Kona ya mtoni tumekukabidhi. Wewe ndiye msimamizi wa usalama pale."

Kikao kizima kikapiga makofi. Mdomo uliponza kichwa, tena kichwa chenyewe changu.

Mimi si mwenyeji. Nilianza kazi Mbalibali, upande wa Serengeti, nikahamishiwa Nyarero, na wakati huo nilikuwa na miaka mitatu hapa. Kikurya changu kilikuwa cha kuuliza mtu anaumwa wapi na tangu lini. Pikipiki ninazijua za kupanda, nimekaa nyuma, macho nimefumba. Kuhusu mashindano nilijua yanavyoishia, kwa sababu mwisho wake unaletwa mezani kwangu.

Siku moja kabla ya mbio mwenyekiti akatukusanya wasimamizi kwenye uwanja wa mnada atufundishe. Tulikuwa sita. Kila mmoja akapewa kizibao cha kung'aa, kile cha mafundi barabara, na bendera mbili. Ya njano ukiipunga, waendeshaji wapunguze mwendo, kuna mtu ameanguka mbele. Nyekundu, wote wasimame. Njia ilikuwa ya mzunguko: wanatoka mnadani, wanapanda kilima, wanateremka kwangu konani, wanavuka kalavati la mto, wanazunguka kwenye mashamba, wanarudi mnadani. Wanaachiwa watatu watatu ili wasisongamane. Juu ya kilele angesimama mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kagera, mtumishi wa kuletwa kama mimi. Kazi yake ilikuwa kuniangalia mimi. Nikiinua bendera naye anainua, ili wanaopanda kilima waione kabla hawajaanza kuteremka. Kwa sababu mtu akishaanza kuteremka kile kilima, hata umwonyeshe bendera ya mataifa yote, hasimami.

Mwisho akatugawia filimbi, za plastiki, za marefa.

"Hii ni ya kuwarudisha watazamaji nyuma ya kamba," mwenyekiti akasema. Akaja kwangu akaninong'oneza, "Nesi, fupi fupi tu. Usiivute."

"Kwa nini?"

"We piga fupi fupi tu, nesi."

Nikadhani ananihurumia pumzi, maana nina mwili. Nikaona ujana umemzidi, nikaitia filimbi mfukoni, nikaenda zangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wangu siku hiyo alikuwa kijana wa kuzaa mwenyewe.

Jioni nikapita kwa jirani yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba nesi. Karibu ndizi."

"Mama, kesho usifungue kibanda."

Akacheka. "Kesho ndiyo siku ya watu wengi. Nifunge, nile nini?"

"Basi nenda ukauzie mnadani, mbali na barabara."

"Nihame kwangu nimkimbie nani?" akasema. "Hapa nimeolewa, hapa nimezalia. Pikipiki ndiyo ya kupita."

Nilijua sitamshinda. Tulibishana mpaka tukapatana hivi: benchi lake na beseni vitapandishwa juu, nyuma ya ua wa minyaa, na hatatia mguu barabarani mpaka mimi mwenyewe nije nimwambie mbio zimekwisha. Akakubali kwa kunyoosha mkono, nikaushika.

"Safari hii hutaguswa," nikamwambia. "Nakuahidi."

Nani alinituma kuahidi? Nikaenda nyumbani najilaumu. Mtu anaahidi ugali, anaahidi kanga ya sikukuu. Huahidi kitu kinachotembea kwa magurudumu na kuendeshwa na mtoto wa mwenzio.

Siku ya mbio nilifika konani mapema kuliko wote, kizibao mwilini, kofia ya jua kichwani. Nikaokota mawe barabarani, nikakaza kamba ya katani kutoka mti mpaka mti, nikahakikisha mama amekaa nyuma ya minyaa. Alikuwa amekaa. Alikuwa ananiangalia kwa juu kidogo, anatabasamu, kama anayemwangalia mtoto anayecheza mama na baba. Mimi nilikuwa natoka jasho hata jua halijapanda.

Watu wakaanza kuja. Jamani, watu! Sikujua kata ina watu wengi hivyo. Wametoka mpaka Matongo, wamepakiana wanne kwenye boda moja. Wazee wenye fimbo wakataka kusimama juu ya kalavati kabisa, eti ndipo wanapoona vizuri. "Shikamooni wazee wangu, naomba mrudi nyuma." "Marahaba." Na hawarudi. Ninageuka upande huu kurudisha wanawake waliokaa mbele ya kamba, nikigeuka tena wazee wako kalavatini. Mwendeshaji mmoja kutoka upande wa Sirari alipita kukagua njia kabla ya mbio, akaniinulia dole gumba. "Sista, usijali, tuko sawa kabisa." Uko sawa wewe. Mimi je?

Mbio zikaanza saa saba. Kazi ya msimamizi wa kona, kwa wasioijua, ni kuhesabu na kuogopa. Wakitoka watatu kileleni unahesabu: mmoja, wawili, watatu. Wakivuka kalavati unahesabu tena. Wakipungua, kuna mtu yuko chini. Katikati ya kuhesabu na kuhesabu hupumui. Kalavati lenyewe liko kama hatua thelathini chini ya kona, na anayetoka kileleni halioni mpaka ameshakata kona, kwa hiyo akianguka mtu pale, wanaokuja nyuma wanamkanyaga kabla hawajajua kuna mtu. Hilo nililifikiria asubuhi nzima. Nililifikiria hata nilipokuwa nakunywa chai.

Mzunguko wa kwanza wakapita wote. Wa pili nao wakapita, ila mbuzi mmoja wa mtu alitaka kujiua mbele yangu, nikamwahi kwa teke ambalo mwenye mbuzi mpaka leo ananilaumu. Kila kundi likipita linaacha vumbi jekundu linaloning'inia hewani, na kila mzunguko vumbi linazidi. Kufikia mzunguko wa tatu nilikuwa simwoni mwalimu kileleni. Naona kilima, naona wingu jekundu, mwalimu hayupo. Nikampigia simu.

"Mwalimu, unaniona?"

"Kidogo kidogo, nesi. Upo."

Kidogo kidogo! Nikamwambia vumbi likizidi nitampigia simu badala ya bendera, na akiona ninapiga tu, hata kabla ya kupokea, ainue nyekundu. Akasema sawa. Nikajiona mjanja.

Kundi la kwanza la mzunguko wa tatu likapita salama. Likaja la pili. Mmoja, wawili, watatu, wakakata kona. Wa kwanza akavuka kalavati, wa pili akavuka. Wa tatu gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga, pikipiki ikamrusha, ikamgeukia, ikamlalia. Nikamwona amelala katikati kabisa ya kalavati, mguu mmoja uko chini ya injini, mikono anaipunga.

Nikainua nyekundu. Nikaipunga mpaka bega likalia. Kileleni vumbi tupu. Na nyuma ya kilima nikazisikia injini za kundi la tatu zikianza kupanda.

Nikapiga simu. Ikaita mara moja, ikakatwa. Nikapiga tena. Ikakatwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwalimu wangu alikuwa anapiga video kwa simu hiyohiyo, na kila nilipopiga niliiharibu video, akanikata, tulivyopatana ameshasahau, akiamini ninauliza tena kama ananiona. Mungu amsamehe, maana mimi ilinichukua muda.

Na watu wenye huruma ndio hao, hawangoji kuambiwa. Wanaume wanne waliruka kamba wakakimbilia kalavatini kumwinulia kijana pikipiki. Sasa njiani hakuna mtu mmoja, kuna watano, wote wameinama, hakuna anayetazama kilimani. Nikateremka mbio kuelekea kwao nikipiga kelele watoke, mbebeni mtoke, wananisikia wapi! Injini zilikuwa zinakaribia.

Ndipo nikaitia filimbi mdomoni, nikaivuta.

Niliivuta kwa pumzi zangu zote, ndefu, bila kukata. Nilitaka kitu kimoja tu: barabara ibaki tupu. Wale wanne kalavatini wakainua vichwa. Nyuma ya kamba umati wote ukageuka. Kisha kutoka juu mashambani mwanamke mmoja akapiga yowe, na ng'ambo ya mto mwingine akampokea, na mwingine, na mwingine. Kamba ikakatika. Umati wote ukamiminika barabarani.

Nikadhani hawajanisikia. Nikavuta filimbi tena, ndefu zaidi.

Kadiri nilivyopuliza ndivyo walivyokuja! Wakatoka wanaume kwenye mahindi na fimbo na mapanga, watu ambao hata mbio hawakuja kuziangalia, walikuwa kwenye palizi zao. Akaja mtu amenyolewa nusu kichwa, kitambaa cha kinyozi bado shingoni. Akaja mzee na mkuki. Wazee wangu wa kalavatini, wale waliokuwa hawawezi kurudi nyuma hatua tatu, walikuwa wanakimbia kuliko vijana. Na wote wanakuja kwangu, barabarani, kwenye kona, mahali pale pale nilipokuwa ninawafukuza kwa jino na ukucha tangu asubuhi.

Nikageuka nipande tena konani. Na nani namwona? Jirani yangu. Ametoka nyuma ya minyaa na gongo lake, anateremka kingo, gongo linamzamia, analing'oa, ameingia barabarani bila kutazama kulia wala kushoto.

"Mama, rudi! Rudi!"

Sauti haikutoka. Filimbi ilikuwa bado iko mdomoni, nikimwita ndiyo inalia. Nikaitema. Nikatupa bendera zote. Mwili huu unaouona haukimbii, lakini siku ile ulikimbia. Nilimfikia katikati kabisa ya kona, nikamshika kiuno nimvute, naye badala ya kufuata akanishika mimi, akanipapasa mabega, akanipapasa kichwa, gongo likaanguka, na mzito jamani, hasogei. Juu kileleni pikipiki ya kwanza ikatokeza.

Nikasema moyoni, nimeahidi, na nimemleta mwenyewe. Nakumbuka maneno hayo hasa. Sikusali. Niligeuza mgongo wangu upande wa kilima, basi.

Wa kwanza aliona ukuta wa watu, akakata kuingia kwenye mihogo, nikasikia mihogo inavunjika. Wa pili alifunga breki zote, akaanguka, akaburuzika kwa ubavu mpaka mtaroni. Wa tatu alikuja moja kwa moja. Nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Nilipofumbua macho gurudumu lake lilikuwa limelikanyaga gongo la mama, na kutoka kwenye gongo mpaka miguuni kwetu pangeingia sahani moja ya ugali.

Akavua helmeti. Nilitegemea atanitukana. Akapaaza sauti, "Wamepita wapi?"

"Nani?" nikauliza.

"Ng'ombe!"

Na alikuwa ameshaanza kuigeuza pikipiki kuelekea mtoni awafuate. Mwenzake alikuwa anatoka kwenye mihogo, ametapakaa majani, anauliza swali hilohilo. Mbio walizozisubiri mwaka mzima walikuwa wameshazisahau. Pande zote watu wanahema, wana fimbo, wanaulizana ng'ombe wa nani, wangapi, wameelekea wapi, mpakani au Serengeti?

Hapo ndipo nilipoelewa. Huku filimbi ndefu haisemi ondokeni. Filimbi ndefu inasema mifugo imechukuliwa, na kila mwenye miguu aje ilipo sauti. Haijalishi unafanya nini. Uko kwa kinyozi, uko kwenye mbio, unakuja. Asiyekuja ataulizwa kwenye ritongo, mkutano wa watu wote, ajibu alikuwa wapi wenzake walipoita. Mwenyekiti alilijua hilo tangu utoto wake, akadhani kila mtu analijua, akaniambia "usiivute" akaona amemaliza. Mimi nilitaka kuwafukuza watu, nikawaita.

Mzee wa sungusungu akapita katikati ya watu mpaka mbele yangu. Ni mzee mpole, nimewahi kumtibu jipu. Siku hiyo hakuwa na upole.

"Nesi, ng'ombe ni wa nani?"

"Shikamoo mzee."

"Ng'ombe ni wa nani?"

"Hakuna ng'ombe," nikasema.

Nikasikia neno hilo linapita nyuma, linatafsiriwa Kikurya, linarudi na manung'uniko. Hakuna ng'ombe. Watu wameacha majembe, wengine wamevuka mto na nguo zao, wameshika mapanga, wanaambiwa hakuna ng'ombe.

"Filimbi amepuliza nani?"

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Kizibao ninacho, kamba ya filimbi iko shingoni. Nikafungua mdomo, huu mdomo wangu usiokosa neno, na siku hiyo haukuwa na kitu. Kupiga filimbi ya uongo si jambo dogo hapa. Mtu mzima mimi, bado nilikuwa nimemshikilia mama kiunoni.

"Ng'ombe ni mimi," mama akasema.

Mzee akamgeukia.

"Ng'ombe ni mimi," akarudia, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Mwaka jana hapa hapa waliniacha na mguu mmoja. Leo walikuwa wanakuja kuchukua uliobaki. Nesi ameona, akaita. Kuna kosa?"

Mzee akaangalia gurudumu, akaangalia gongo chini ya gurudumu, akaangalia miguu ya mama, ule mzima na ule mwingine. Kisha akainamisha kichwa taratibu kukubali.

"Basi ng'ombe amepatikana," akasema. "Rudini makazini."

Kicheko kikalipuka. Kijana wa tatu akashuka, akaokota gongo, akalifuta vumbi kwa fulana yake, akampa mama kwa mikono miwili. Mwenyekiti alitaka mbio ziendelee, maana zilibaki raundi mbili tu, lakini nani angeirudisha kamba? Mzee akamwambia, "Mura," yaani kijana, "imetosha," na ikawa imetosha. Kijana wa kalavatini mguu haukuvunjika, uliungua na eksozi. Aliyeburuzika alichubuka ubavu mzima. Niliwasafisha wote wawili pale pale chini ya mti.

Watu wote wakaenda wakicheka. Njia nzima unasikia, "Ng'ombe ni mimi!" Mpaka leo wapo wanaomwita hivyo, naye anaitika. Mimi sikucheka. Nilimaliza bandeji, nikapanda mpaka kibandani kwake. Alikuwa amerudi kwenye benchi, anamenya viazi vya kesho.

"Mama," nikasema, "umesema uongo mbele za watu kwa ajili yangu."

"Uongo gani?"

"Ulikuwa salama nyuma ya minyaa. Hakuna pikipiki ambayo ingekufikia. Filimbi yangu ndiyo iliyokutoa, mimi ndiye niliyekuweka mbele ya gurudumu. Nilikuahidi, halafu nikakuita mwenyewe uje ufe."

Nikaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, hasira zangu mwenyewe. Yeye akaendelea kumenya.

"Nesi, unadhani nilikuja kwa ajili ya ng'ombe?" akasema. "Nani aibe ng'ombe saa nane mchana, kata nzima imesimama barabarani? Mimi nilipokaa naona kofia yako tu. Nikaona kofia imeshuka, haipo. Filimbi ikalia, haikati. Nikajua wamekugonga."

Akanipa kiazi cha moto kutoka kwenye sufuria, nikakipokea.

"Ulitaka nikae?" akauliza.

Nikatikisa kichwa. Tangu nihamie Nyarero filimbi ile ndefu nilikuwa nimeisikia mara mbili, usiku, na mayowe yakifuata, nisijue inamwita nani, na mara zote mbili nilichofanya ni kuinuka kitandani nikaongeza komeo la pili mlangoni. Nilikula kiazi chote nikiwa nimekaa karibu naye, na hilo sikumwambia.